Kwani kila kitabu kina darasa lake?

"Ni cha darasa la ngapi, mama?"

Swali hilo niliulizwa wiki hii katika duka moja la vitabu hapa Dar es Salaam, na mpaka leo halijanitoka. Kijana aliyeniuliza simlaumu. Alinipa shikamoo yangu, akaacha alichokuwa akifanya, akatuhudumia vizuri. Nilikuwa nimefuatana na binti wa kaka yangu, yuko darasa la nne, amekuja kwangu likizo. Ni mtoto ambaye maswali yake huanza kabla chai haijapoa. Alikuwa ameona kwenye simu yangu picha ya yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru kule Lindi, mifupa yake imesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, akataka kujua alikuwa anakula nini, aliishi na nani, na Wajerumani walimbebaje mpaka kwao. Nikamjibu nililolijua, kisha nikaona yaishe, twende tukatafute kitabu.

"Si cha darasa," nikamwambia yule kijana. "Ni cha kusoma tu."

"Aaa, hadithi!" Akatupeleka kwenye rafu ya sungura na fisi.

"Si hadithi, mwanangu. Nataka cha mambo ya kweli. Wanyama wa kale, mifupa, Lindi huko."

Akafikiri. "Basi labda Sayansi. Kuna ya darasa la tatu mpaka la saba, na ipo nyingine ya maswali na majibu."

Binti akanivuta mkono. "Shangazi, mimi sitaki maswali. Maswali ninayo."

Tulilizunguka duka zima. Vitabu vya kiada vilikuwapo, vimepangwa hadi juu. Mazoezi ya mitihani yalikuwapo, ya kila mchapishaji. Vitabu vya dini vilikuwapo, na vile vya kukufundisha kutajirika kabla hujazeeka. Kwenye kona ya Kiingereza palikuwa na kitabu kikubwa cha dinosaria kilichotoka Uingereza, picha zake zinang'aa, bei yake inatosha mboga ya wiki. Nilikipekua mwanzo hadi mwisho. Lindi haikutajwa. Na hata ingetajwa, mtoto wetu anasoma shule ya serikali, masomo yake ni ya Kiswahili, angeishia kutazama picha.

Sasa hebu tuitazame habari yenyewe, kisha useme kama haifai kuandikiwa mtoto. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alikuta mifupa mikubwa ajabu imejitokeza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakaendesha uchimbaji pale. Kazi ilipopamba moto vibarua walifika 500 hivi, watu wa kusini waliokuwa wametoka juzi tu katika Vita vya Majimaji na njaa iliyofuata. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyeijua mifupa ile ilivyolala ardhini na jinsi ya kuitoa bila kuivunja. Hapakuwa na gari wala reli. Mifupa ilifungwa vizuri, ikabebwa kichwani na mabegani kwa siku kadhaa mpaka baharini, mzigo baada ya mzigo, jumla yake zaidi ya tani 200. Kutokana na mifupa hiyo ndipo Berlin wakamsimamisha yule mla majani mwaka 1937, kimo chake zaidi ya mita 13, jengo la ghorofa nne. Aliishi kusini mwa nchi yetu miaka milioni 150 hivi iliyopita, na bahari haikuwa mbali na hapo.

Ndani ya habari hiyo moja kuna sayansi, kuna jiografia, kuna ukoloni, na kuna mabega ya babu zetu. Bunge letu limeshabishana zaidi ya mara moja kuhusu kumrudisha huyo mjusi au kudai chochote kwa ajili yake. Watu wazima wanaligombania jambo ambalo mtoto wao hawezi kulisoma.

Nisiseme uongo kwamba hakijawahi kuandikwa kitu. Mwaka 1998 kilitoka hapahapa Dar es Salaam kitabu cha picha kinachoitwa Dinosaria wa Tendaguru, kwa Kiswahili, cha watoto. Kumbe inawezekana! Lakini nendeni madukani mkakiulizie. Mimi nilipokitaja, yule kijana aliniangalia kama mtu anayetafuta nauli ya zamani.

Na wala jambo hili si la watoto peke yao. Kuna mzee analinda nyumba ya jirani yangu. Alijifunza kusoma ukubwani, kwao Ukerewe, enzi za kisomo cha watu wazima, na tangu hapo hakiachi chochote chenye maandishi. Husoma hata karatasi za kufungia karanga. Juzi jioni alinionyesha moja, imelowa mafuta, imechanwa kutoka kitabu cha zamani cha shule. Ilikuwa inaeleza Ol Doinyo Lengai, kwamba lava yake hutoka nyeusi kama lami, kisha ikawa nyeupe. Hapo ndipo karatasi ilipokatika.

"Sasa mama, inakuwaje nyeupe?"

Jibu lipo na wala si gumu. Lava ya mlima ule imejaa magadi, jamaa wa magadi haya tunayolainishia maharage. Haina joto kama lava ya volkano nyingine, ni nyuzi 500 na kitu tu, wakati nyingine hupita 1,000. Ikishapoa na kukutana na unyevu wa hewa, hubadilika rangi. Mzee aliposikia magadi alicheka kwa furaha, maana magadi anayajua tangu utoto. Aliyeandika vitabu vya kisomo hakumfikiria mtu wa namna hii.

Hapo ndipo ninapotaka kubishana. Tunayo sifa kubwa ya elimu ya watu wazima, na ni sifa ya haki. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi, redio katikati, kijitabu mkononi, na vyoo vikachimbwa nchi nzima. Wakati wa uhuru wengi wetu hatukujua kusoma; kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema wasiojua ni kama asilimia 10 tu. Kulikuwa na gazeti la Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya wasomaji wapya wa vijijini. Naivulia kofia kazi hiyo. Lakini angalia tulichowapa wasome: panda pamba hivi, chemsha maji, chimba choo. Mtu mzima tukamfanya mtu wa kuelekezwa. Ya kumfanya ashangae mlima au nyota tukayaacha kwa waliofika sekondari, tena kwa Kiingereza.

Najua atakayeniambia Watanzania hawasomi. Hilo nimelisikia mpaka limenichosha, na wanaolisema mara nyingi hawajawahi kumwekea Mtanzania kitu cha kusoma. Mahali Pasipo na Daktari ni kitabu kinene, asili yake kiliandikwa kwa Kihispania kwa ajili ya wanavijiji wa milimani Mexico, na kilipoletwa kwa Kiswahili kikaenea. Nimekikuta zahanati, nimekikuta misheni, nimekikuta kwa mama mmoja kimetoka jalada kwa kufunuliwa. Kina michoro, kina lugha ya kawaida, hakimdharau anayekisoma. Vipindi vya Ubongo Kids navyo vinafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili tangu 2014, na watoto wa mtaani kwetu wanaviimba. Hamu ipo.

Atakuja mwingine na hoja ya lugha, kwamba sayansi haisemeki kwa Kiswahili. Huyo nampeleka kwenye Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI, taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, mwaka 1990. Maneno yamelala pale zaidi ya miaka 30, yanasubiri mwandishi. Na anayesema mambo yote yako kwenye simu, basi amtafutie yule mzee bando kwanza, halafu amtafutie maelezo ya Lengai kwa Kiswahili yanayozidi aya mbili.

Hoja inayonipa shida ni ya pesa. Mchapishaji wetu aliishi kwa vitabu vya kiada. Serikali ilipovirudisha mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania miaka ya 2010, wengi walibaki wanapigania vitabu vya ziada na mazoezi ya mitihani, maana mzazi hutoa hela akisikia mtihani. Kitabu cha picha za rangi ni ghali kuchapa, na ukichapa nakala chache bei inapaa. Yote kweli. Lakini nauliza, kwa nini tunadhani kitabu cha mtoto na cha mtu mzima ni lazima viwe viwili? Binti wa kaka yangu na yule mzee wa Ukerewe wanataka kitu kilekile: jambo la kweli, limeelezwa taratibu, sentensi fupi, mchoro unaoeleweka, majina ya mahali wanapopajua. Kitabu kimoja kingeuzwa kwa wote wawili. Na maktaba za mikoa, zile za Bodi ya Huduma za Maktaba, zikinunua kila moja nakala zake, mchapishaji tayari ana pa kuanzia.

Sisi wazazi nasi tuna sehemu yetu. Tunanunua kitabu kwa sababu mwalimu ameagiza, na tukiambiwa hakimo kwenye mtihani tunakirudisha rafuni. Kijana wa dukani ameuliza darasa kwa sababu sisi ndio tuliomzoesha.

Wachapishaji, wajuzi wa mambo haya wamo humuhumu mjini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makumbusho ya Taifa. Wapeni kazi ya kurasa 32 za Kiswahili chepesi, mpeni mchoraji wetu mmoja alipwe vizuri, na jaladani msiandike darasa. Anzeni na Tendaguru. Kile cha 1998 nacho kichapwe upya.

Nakala mbili za kwanza nitanunua mimi.