Adabu ya Kurusha Mubashara

Je, yajuzu kumfundisha kijana namna ya kuonyesha kabla hajafundishwa namna ya kusitiri? Suala hili halikuwa na haja kubwa ya jawabu zama zile chombo cha kutangazia kilipokuwa mali ya serikali au ya kampuni, kimefungiwa ndani ya jumba lenye bawabu mlangoni. Lakini tangu mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipofunga milango ya misikiti na makanisa katika nchi nyingi, na darsa za Ramadhani pamoja na misa za Pasaka zikalazimika kupita katika simu, jamaa nyingi za waumini zina kijana wao wa kusimamisha kamera, na walimu wa kumfundisha wanatafutwa. Fani yenyewe haina ugumu wa kutisha. Mwenye simu njema, stendi ya kuishikilia, kipaza sauti cha kubana kifuani, na programu ya kompyuta kama OBS Studio, ambayo hupatikana bila ya malipo, aweza kwa muda mfupi kujua kupanga mwanga, kupima sauti, na kuangalia kama mtandao una nguvu ya kupandisha picha isigande. Hayo na ayafundishe ajuaye.

Wala tusidhani kwamba watu wa dini wamekuwa wakivikimbia vyombo hivi. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyepata kuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuhalalisha picha ya kamera, akiiona kuwa ni kivuli kilichozuiliwa tu. Papa Pius XI aliizindua Redio ya Vatikani mwaka 1931, aliyoijenga Marconi mwenyewe. Na mwaka 1958 Pius XII akamtangaza Mtakatifu Klara wa Assisi kuwa msimamizi wa televisheni, kwa kisa kwamba alipokuwa mgonjwa kitandani aliiona ibada iliyokuwa ikifanyika mbali naye.

Aliyekwenda mbali kuliko wote ni Sheikh Ahmad bin as-Siddiq al-Ghumari wa Moroko, aliyetunga risala nzima kutetea usahihi wa sala ya Ijumaa ya mtu aliyeko nyumbani kwake, akimfuata imamu kwa redio. Wanazuoni wengi hawakumkubalia, kwa hoja kwamba jamaa ni watu waliokusanyika mahali pamoja, safu kwa safu. Lakini mimi naiona risala ile ina faida hata kwa asiyeafiki hukumu yake, maana inatulazimisha kuuliza kinachomfikia mtazamaji ni kitu gani hasa. Sauti ya redio ya zama zake ilifika papo hapo. Ama picha ya intaneti hukatwa vipande vipande, ikabanwa, ikapelekwa kwenye mashine za mbali, ikafunguliwa tena, na katika safari hiyo huchelewa sekunde kadhaa, pengine hata thelathini. Basi mtu aliyeko Muscat, akiitazama sala inayorushwa kutoka Mombasa, humwona imamu yumo katika rukuu ilhali imamu amekwisha sujudu.

Muhula huo mfupi ndio wote aliobakiwa nao mrushaji, naye aghalabu hana habari nao. Mwandishi wa gazeti alikuwa na usiku mzima wa kutafakari kabla ya karatasi kupigwa chapa; huyu wa leo huona na kuonyesha kwa kitendo kimoja, hivyo tafakuri yake shurti iwe imetangulia, imekwisha kuwa tabia. Wako mafundi waongezao ucheleweshaji kwa makusudi, kama vituo vya redio vifanyavyo katika vipindi vya kupigiwa simu, ili ovu likitokea likatwe kabla halijatoka. OBS inayo nafasi hiyo, na mwanafunzi afundishwe kuitumia. Lakini muhula peke yake hautoshi. Tarehe 15 Machi 2019 muuaji alishambulia misikiti miwili mjini Christchurch, New Zealand, wakafa watu 51, naye akirusha shambulio lake mubashara katika Facebook. Kampuni ilieleza kwamba waliotazama wakati wa tukio hawakufika mia mbili, lakini katika saa 24 za mwanzo iliziondoa au kuzizuia nakala milioni moja na nusu. Muuaji hakutaka muhula wa kutafakari; hao waliozisambaza nakala walikuwa nao, na haukuwafaa kitu.

Chukua mambo ya karibu zaidi, maziko. Familia imeomba yarushwe kwa ajili ya ndugu walioko Oman na Uingereza wasioweza kuwahi, na ombi lao ni la haki. Kijana amepanga vyema: jeneza, safu, imamu. Mara mtoto wa marehemu anaanguka kando ya kaburi, kofia imemtoka, kilio kimemshinda. Na mkono wa mwanafunzi, uliozoezwa kuutafuta uso wenye hisia, unakwenda wenyewe kuvuta picha karibu. Kwetu mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa hurudi. Sura ya An-Nur nayo imeamrisha kutaka idhini kabla ya kuingia nyumba za watu. Walioomba matangazo waliidhinisha maziko. Kilio cha ndugu yao hakuna aliyekiidhinisha.

Iko na hatari ya riya, yaani kutenda jema ili uonekane na watu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya tungo yake Ihya kuzishutumu jaha, yaani kupenda cheo mbele za watu, na riya. Hakuiona tarakimu ndogo iliyoko pembeni mwa kioo, ihesabuyo watazamaji, lakini maradhi aliyoyaeleza ndiyo haya. Sheikh yumo katikati ya darsa, jicho limemtoka kitabuni, lamwendea kijana wa kamera: wamefika wangapi? Tarakimu ile na ifunikwe, hata kwa kipande cha karatasi.

Wako watakaosema kwamba salama ni kutowafundisha kabisa. Siafikiani nao, kwa kuwa kijana asiyefundishwa na mwalimu atafundishwa na mtaa, na mtaa haumwambii azime. Rai yangu kwa walimu wa fani hii ni kwamba katika mtihani wa mwisho mwanafunzi apewe tukio ambalo jawabu lake sahihi ni kuigeuza kamera au kuizima, na alama za hapo zizidi zile za mwanga na sauti. Na atakayeanguka sehemu hiyo asikabidhiwe cheti, hata akiwa hodari wa mengine yote.