Njegere na Mipaka ya Kiumbe

Mche wa njegere uking'olewa, mizizini huonekana vinundu. Kinundu kilicho hai kikipasuliwa, ndani huwa na rangi ya waridi. Rangi hiyo ni ya leghimoglobini, protini inayodhibiti oksijeni ili bakteria waliomo waweze kugeuza naitrojeni ya hewa kuwa amonia. Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria wa vinundu mwaka 1888. Je, hapo pana kiumbe kimoja au wengi? Kuwaita bakteria wapangaji tu hakutoshi: ndani ya njegere, wanaogeuza naitrojeni hupoteza uwezo wa kuzaliana, kama seli zilizojitoa kwa ajili ya mwili. Lakini mbegu huota bila wao, kisha mche huwapata upya udongoni. Tofauti na wao, mitokondria, sehemu za seli ambazo asili yake ni bakteria, hurithiwa pamoja na seli. Kwa kigezo cha urithi, basi, bakteria hao wamebaki kuwa viumbe wengine.