Mura, Shusha Madumu Kwenye Keria

Baiskeli yako iko pale, imeegemea ukuta wa jiko. Keria imepinda kwa uzito wa madumu, kengele ilikufa zamani, pedeli moja imebaki chuma kitupu. Tangu uinunue haijawahi kwenda mahali pasipo na mzigo. Maji, mkaa, kreti za soda, mahindi ya kupeleka mashineni, siku nyingine hata mgonjwa wa kupeleka zahanati. Umeifanya punda. Leo nakuomba kitu kidogo tu: fungua zile kamba za mpira, shusha madumu, na Jumamosi hii uipande bila kubeba kitu.

Uende wapi? Hapo ndipo tunapokwama. Sisi wa Tarime na Serengeti hatujui kutoka nyumbani bila shughuli. Utaulizwa na kila mtu barabarani, "Mura, unaenda wapi?" na ukijibu "natembea tu" watakutazama kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. Jibu hivyohivyo. Jibu kwa sauti.

Huko Ufaransa, kando ya mto Loire, kuna njia ya baiskeli yenye urefu wa kilomita 900 hivi. Wanaoipita ni watu wenye magari yao. Wanayaacha nyumbani, wanakanyaga taratibu kutoka kasri moja la wafalme hadi jingine, wanaketi chini ya mti kula mkate na jibini, wanalala, asubuhi wanaendelea. Hakuna anayemkimbiza mwenzake. Mashindano wanayo, Tour de France ipo tangu 1903, ila hii ya Loire ni habari nyingine kabisa: ni kutembelea kwao wenyewe. Mmoja wa walioieneza tabia hiyo ni Paul de Vivie wa mji wa Saint-Étienne, aliyefariki mwaka 1930, ambaye wenzake walimwita Vélocio. Aliwausia waendesha baiskeli wale kabla njaa haijawashika, wanywe kabla ya kiu, na wasikanyage hata mara moja kwa ajili ya kujionyesha. Mkurya angemkubalia yote hayo. Tatizo ni kwamba mzee huyo aliwaonya pia wasile nyama safarini, na hapo, nadhani, urafiki ungekwisha.

Sasa tuhesabu vya kwetu. Mto tunao, tena mto ambao dunia nzima inapanda ndege kuja kuwatazama nyumbu wakiuvuka. Ngome ya zamani tunayo. Vilima tunavyo, na mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba mtu aliyapanga. Migomba, kahawa, ng'ombe njiani, mama anayeuza chai ya maziwa na maandazi kila baada ya vilima viwili. Tunachokosa ni kujipa ruhusa.

Basi chukua barabara ya Tarime kwenda Mugumu. Ni kilomita 87 hivi. Basi unalipanda, unasinzia, unaamka Mugumu, na ukiulizwa umeona nini utasema vumbi. Kwa baiskeli ni siku mbili, na usikubali mtu akushawishi uifanye kwa siku moja. Tarime iko juu, karibu mita 1,500, na asubuhi ina baridi ya kukufanya utafute koti. Unashuka na migomba ikikusindikiza pande zote, unapita Nyamwaga, mikono kwenye breki, na unaanza kusikia ambacho injini haikukuruhusu kusikia: mtu anakata kuni ng'ambo ya bonde, watoto wanaimba shuleni, jogoo aliyechelewa.

Kisha Nyamongo. Hapa malori yanakutimulia vumbi na bodaboda hawana subira, kwa hiyo shuka, kokota, hakuna aibu. Lakini tazama. Mgodi wa North Mara unachimba dhahabu hapa tangu 2002, na mawe yaliyotolewa ardhini yamekuwa milima. Kwenye gari yote ni milima tu. Kwenye baiskeli unapata muda wa kutenganisha mlima aliouumba Mungu na mlima uliomwagwa na malori, na ukisimama kunywa soda utamkuta mtu wa kukueleza nani alikuwa akilima wapi kabla ya hapo. Sikwambii ufikirie nini. Nakwambia usipite umelala.

Halafu mto. Mto Mara unatoka milima ya Mau huko Kenya, unakatiza mbuga za Maasai Mara na Serengeti, unatugawa sisi wa Tarime na wenzetu wa Serengeti, kisha unakwenda kujimwaga Ziwa Victoria. Simama darajani. Egemeza baiskeli, usiogelee (mamba hajui kwamba wewe ni mtalii wa ndani), tazama maji yale ya rangi ya chai. Nyumbu waliyavuka huko juu. Ng'ombe wako atayanywa hapa.

Najua unachotaka kusema. Kwamba ardhi hii si Loire, kwamba kulikuwa na miaka ambapo kijana wa ukoo mmoja hakukatiza ardhi ya ukoo mwingine bila kwanza kuaga kwao. Ni kweli. Mapigano ya kugombea ng'ombe na mipaka yametuzikisha watu wengi, na si bure Tarime na Rorya zikapewa mkoa wao wa kipolisi. Ila nisikilize, mura: hakuna aliyewahi kuiba ng'ombe kwa baiskeli. Mtu anayekuja polepole, mikono yote miwili kwenye usukani, jasho usoni, akisalimia kila boma, huyo hana pa kuficha rungu. Mwirege akakatiza kwa Wanchari akiomba maji ya kunywa, Mnchari akafika kwa Wanyabasi akitafuta kiraka. Hebu nitajie mkutano wa amani ulio rahisi kuliko huo.

Kiraka kilinifundisha mwenyewe. Nilipata pancha mbali na fundi, solusheni imekauka kwenye tyubu yake, jua la saa saba. Mzee mmoja akaniona, akamtuma mjukuu alete kigoda. "Tata, nina haraka," nilimwambia. Akacheka. Kijana akaondoka kutafuta solusheni kijiji cha pili, na kwa saa mbili nzima yule mzee alinisimulia baba yake alivyojiandikisha KAR, jeshi la Waingereza, akapelekwa Burma, akarudi na blanketi moja na neno moja la Kiburma ambalo hakuna aliyejua maana yake. Nimepita pale kwa gari labda mara thelathini. Boma lile sikuwahi kuliona.

Siku ya tatu, ukiwa umelala Mugumu na miguu imeanza kukuzoea, elekea Robanda na Ikoma. Hapo kuna ngome waliyoijenga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuwatiisha watu wa upande huu. Mwaka 1917 kikosi chao kilichoongozwa na Naumann, kilichokuwa kimejitenga na jeshi lao kuu, kilipita hapo Ikoma kikifukuzwa na Waingereza na Wabelgiji, vita vya watu wa mbali vikipiganiwa kwenye mashamba ya mtama ya Waikoma. Kabla ya kuisogelea ngome, uliza wenyeji unaruhusiwa kufika wapi. Na usitosheke na mawe ya Mjerumani. Waulize wazee habari za Machaba, pembe za ndovu ambazo Waikoma wanaziheshimu kuliko ngome yoyote. Waulize majina ya vijito na vilima ambavyo leo viko ndani ya Hifadhi ya Serengeti iliyoanzishwa mwaka 1951. Mwanahistoria Jan Bender Shetler aliwasikiliza wazee wa huku, na mwaka 2007 akatoa kitabu kizima kuhusu kumbukumbu zilizomo katika ardhi hii. Yeye alivuka bahari kuja kuuliza. Wewe unahitaji kuvuka daraja.

Lango la hifadhi usiliingie na baiskeli, huko kuna wenye meno. Hata vijijini, jua likianza kuinama uwe umeshafika unapolala, maana tembo hutoka jioni kwenda kwenye mashamba ya watu na hawasikii kengele. Epuka masika ya Machi hadi Mei, matope yatakula cheni yako. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yake. Beba tyubu ya akiba, pampu, viraka, maji, sweta. Cheni ipake oili kidogo. Kofia ngumu ukiweza kuipata, vaa. Baiskeli ya gia si lazima: Phoenix inapanda kilima chochote, mradi mwenyewe ukubali kuisukuma.

Na watu watasema? Watasema. Watasema umefilisika, umeuza pikipiki. Oktoba 1967 rais wa nchi hii, mtu wa miaka 45, alitoka Butiama hapo jirani akatembea kwa miguu hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Alikuwa na gari. Na sasa wapo Watanzania wanaotoka Dar es Salaam kwa baiskeli katika msafara wa Twende Butiama kumkumbuka Mwalimu. Wanakanyaga zaidi ya kilomita elfu moja kuja mlangoni kwetu, nasi tuliozaliwa mlangoni tunasubiri Noah.

Dada, wewe pia. Nawe zaidi. Anayekwambia mwanamke hapandi baiskeli ndiye yule anayekutuma maji kilomita tatu kwa miguu. Kanga ifunge vizuri isiingie kwenye spoku, muite shoga yako, muite na wifi. Mkiwa watatu hakuna wa kuwacheka hadi kilima cha pili, na huko atakuwa hawaoni tena.

Nani ana pampu? Mpigie leo, usingoje Ijumaa usiku. Mwambie mnaonana njia panda ya Mugumu saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu na maji yake, nauli hakuna. Akiuliza mnafuata nini, mwambie utamjibu mkifika mtoni.