Mgeni Asiyenyonya Mti

Somo: 2 Wathesalonike 3:8



Mungu anatuhubiri hata kwa mimea. Kaktusi karibu zote asili yake ni Amerika. Aina moja tu, ripsalisi, inaota yenyewe Afrika, na Kongo yetu inayo. Inaning'inia juu ya miti kama kamba za kijani, yenye maua madogo meupe. Ndege hula matunda yake, na mbegu zenye kunata hubaki juu ya tawi. Jamaa yake mmoja wa Amerika, ambaye watu humpanda nyumbani, huchanua usiku. Harufu yake nzuri hujaza lupango nzima, na asubuhi ua limekwisha kunyauka.

Sasa sikieni tofauti. Kirukia naye hukaa juu ya mti, lakini hupenyeza mizizi ndani ya tawi na kunywa maji ya mti. Ripsalisi haifanyi hivyo. Inashika ganda tu. Maji yake ni mvua, chakula chake ni majani yaliyooza kwenye panda za matawi. Mti unaibeba, haunyonywi.

Mtume Paulo naye alikuwa mgeni Thesalonike, akafanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu. Wewe unayekaa kwa mjomba au kwa dada, jiulize jioni: leo nimeshika tu, au nimenyonya? Teka maji, shika jembe, fagia kiwanja.

Na wewe mwenye nyumba, usimwite mgeni kirukia. Tunakumbuka 1992 na 1993: ndugu zetu wa asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Katanga, waliitwa bilulu, yaani wadudu. Wakafukuzwa, na gari-moshi likawapitisha hapa Kamina. Walikuwamo watu wa reli, wa migodi, na walimu wa watoto wetu. Dhambi ile ilianzia mdomoni.

Baba Simon Kimbangu alifungwa mwaka 1921, akafa gerezani Élisabethville tarehe 12 Oktoba 1951, mbali na N'kamba. Katika Katanga hii alikuwa mgeni. Sisi tunaomheshimu, tutamdharauje mgeni mlangoni?

Tushike Upendo, Amri na Kazi: mgeni afanye kazi, mwenyeji apende, wote tutii. Bwana awabariki. Amina.