Ujira wa Daktari na Amana ya Mgonjwa

Ndugu zangu katika imani, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia nyinyi, tumche Allah tukiwa hapa kwenye mikeka, na tumche vilevile tukiwa kwenye dirisha la malipo hospitalini. Nalitaja dirisha hilo kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo uchamungu wa wengi wetu unapokwama.

Leo nasema nanyi juu ya hospitali binafsi. Barazani kwetu kuna kauli mbili juu yake. Wagonjwa husema daktari anayetoza fedha ni mnyonyaji, na tiba inapasa iwe bure. Wenye hospitali nao husema hii ni biashara kama biashara nyingine, asiyeweza bei aende kwingine. Zote mbili zina kasoro, na ya pili ina hatari zaidi.

Tuanze na ya kwanza. Ujira wa tabibu ni halali. Imethibiti katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, alipigwa chuku na Abu Tayba, akaamuru alipwe kwa chakula. Ibn Abbas alilifanya tukio hilo kuwa hoja: lingekuwa haramu, Mtume asingemlipa. Wapo pia masahaba waliomsomea Suratul Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, wakapewa kundi la kondoo. Waliporudi Madina na wasiwasi, Mtume aliwakubalia. Basi asitokee mtu akamwita daktari mwizi kwa sababu tu amedai haki yake.

Sisi Tanzania tuliwahi kujaribu njia nyingine. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali za watu binafsi zinazoendeshwa kwa faida. Zikabaki za serikali, na za mashirika ya dini na ya hisani. Nia ilikuwa njema: mkulima na bosi watibiwe sawa. Mwaka 1991 sheria ikabadilishwa, milango ikafunguliwa tena, kwa sababu serikali peke yake ilikuwa imeelemewa. Wazee mliomo humu mnaikumbuka miaka ile, mtu anaandikiwa dawa na dirishani anaambiwa hakuna. Miaka miwili baadaye, 1993, hata hospitali za serikali zilianza kutoza wagonjwa kile kilichoitwa uchangiaji wa gharama. Anayedhani tiba ya serikali ni bure kabisa na ya binafsi ndiyo pekee yenye bei, hajauguza mtu siku za karibuni.

Na hebu tumfanyie insafu mwenye zahanati yetu ya mtaani. Umeme ukikatika usiku, jenereta lazima liwake, kwa sababu chanjo zimo ndani ya jokofu na mama yuko kitandani anajifungua. Vitendanishi vya maabara vinatoka nje ya nchi, bei yake inafuata dola. Shilingi ikishuka, kipimo kilekile kinamgharimu zaidi. Mashine ya ultrasaundi ikiharibika, fundi anatoka mbali na kipuri kinasubiri meli. Benki inamtaka nyumba iwe dhamana, na riba yake mnaijua, tena kwetu sisi riba ni mtihani juu ya mtihani. Kuna kodi, kuna leseni, kuna vibali vya mamlaka hii na ile, kila kimoja na ada yake na mkaguzi wake. Muuguzi aliyemfundisha mwenyewe akipata ajira serikalini anaondoka, na hawezi kumlaumu, maana huko kuna pensheni. Ndiyo maana hospitali binafsi zimejazana mijini, ambako wapo watu wa kulipa, na huko vijijini mtembea kwa miguu anakutana na zahanati ya serikali au hospitali ya misheni, vinginevyo anakutana na duka la dawa. Mimi simlaumu aliyefungua kliniki Kariakoo akaacha kufungua Liwale. Angefilisika kabla ya masika.

Sasa kauli ya pili, kwamba tiba ni biashara kama nyingine. Hapana. Mnunuzi wa mchele anaushika, anaunusa, anatafuna punje, akiona umechanganywa anaondoka. Mgonjwa hana uwezo huo. Ameambiwa damu yake ina taifodi. Ataipinga kwa elimu gani? Mume ameambiwa mtoto amekaa vibaya tumboni, asaini sasa hivi mkewe apasuliwe. Atakataa kwa ujasiri gani, na mkewe analia? Katika biashara hii muuzaji ndiye anayemwambia mnunuzi anahitaji nini, kiasi gani, na kwa haraka gani. Mtume alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula, akakuta chini ni kibichi na juu kikavu. Akamuuliza mwenyewe kwa nini asiuweke unyevu juu, watu wauone, kisha akamtenga na umma wake mwenye kughushi. Ikiwa huo ndio uzito wa nafaka iliyolowa mvua, pimeni wenyewe uzito wa jibu la maabara la uongo.

Nanyi mnayajua yanayosemwa. Mtu akienda na homa, akichelewa kidogo, anarudi na malaria, taifodi na UTI kwa pamoja, na mfuko wa dawa. Tunacheka, na si jambo la kucheka. Kipimo cha Widal kinachotumika sana kwa taifodi kinajulikana na wataalamu kuwa dhaifu. Mtu mzima wa nchi yenye ugonjwa huu anaweza kuonekana nao hali hana. Daktari analijua hilo. Akiandika dawa ya sindano ya siku tano kwa jibu hilo peke yake, huku anajua, amekula haramu kwa kalamu. Tena amefanya jambo la pili: amewazoesha wadudu wa maradhi dawa zetu, mpaka siku mtoto atakapozihitaji kweli zisifanye kazi.

Upasuaji wa uzazi nao ni neema, umeokoa wake zetu na dada zetu wengi. Lakini Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2015 kwamba katika jamii, kiwango chake kikishapita asilimia 10, vifo vya mama na watoto havionekani kupungua zaidi kwa kuongeza visu. Sasa jiulize, ewe mwenye hospitali, pale kwako wangapi wanapasuliwa, na kati yao wangapi ni kwa sababu upasuaji unalipa kuliko kusubiri uchungu hadi alfajiri? Sikutuhumu. Nakuuliza swali ambalo mtoza kodi hawezi kukuuliza, na Malaika wa kaburini hatakuuliza ukiwa na mwanasheria.

Na wewe daktari unayemwambia mgonjwa wa hospitali ya serikali, asubuhi, kwamba mashine haifanyi kazi, njoo kwangu jioni: mashine unaijua inafanya kazi. Kufanya kazi ya ziada baada ya saa zako si kosa, mshahara tunaujua. Kosa ni kumchukua maskini kutoka kwenye foleni ya umma ukampeleka kwenye pochi yako. Vivyo hivyo anayepokea kamisheni kwa kila mgonjwa anayempeleka kwenye maabara ya rafiki yake. Hiyo imelipiwa na mgonjwa bila yeye kujua, na mali ya mtu haiwi halali ila kwa ridhaa yake.

Wapo wabaya zaidi, wale tunaowaita vishoka, wanaovaa koti jeupe bila ya elimu. Imepokewa kutoka kwa Mtume katika vitabu vya Sunan kwamba anayejitia utabibu, na hakujulikana kuwa tabibu, atadhamini madhara anayoyaleta. Waislamu wa zamani waliifanyia kazi hukumu hii. Mwaka 931 kwa hesabu ya Miladi, mtu mmoja alikufa Baghdad kwa kosa la tabibu, na Khalifa al-Muqtadir akaamuru asitibu mtu mpaka ajaribiwe na Sinan ibn Thabit. Wakajaribiwa matabibu zaidi ya 800 katika mji mmoja. Wenzetu leo mkaguzi wa baraza la madaktari akija wanamwita adui wa maendeleo. Na sisi wateja hatujasalimika na lawama: tunamjua kijana wa duka la dawa kuwa si daktari, tunamwendea atuchome sindano, kwa sababu hana foleni.

Nije kwenye bima, maana hapa dhulma ina mikono mingi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa umma anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza nyingine 3. Watu wengi wameiona kheri yake. Lakini tarehe 1 Machi 2024 hospitali kadhaa kubwa za binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa mfuko huo, zikilalamika kwamba kitita kipya cha mafao kina bei isiyolipa gharama. Mfuko nao ulisema bei zilipangwa kwa hesabu. Huduma zilirejea baadaye, lakini mgonjwa wa presha aliyefika asubuhi ile na kadi yake mkononi hakuwa mwanachama wa kamati yoyote. Jirani zetu wa Kenya nao, walipohama kutoka mfuko wao wa zamani kwenda mamlaka mpya ya bima ya afya, SHA, Oktoba 2024, hospitali binafsi zilipiga kelele juu ya madeni ya nyuma ambayo hayajalipwa.

Mtume amesema kuchelewesha deni kwa mwenye uwezo ni dhulma. Maneno haya hayakumwacha kando mwenye ofisi ya umma wala kampuni ya bima. Madai yakikaa miezi, zahanati ndogo haina akiba ya kungoja. Inachelewesha mishahara, inanunua dawa za bei ya chini, kisha inaanza kuongeza vipimo kwenye fomu ili kufidia. Mwenye bima akiona fomu zimevimba anakata madai zaidi. Hospitali ikiona imekatwa inavimbisha zaidi. Hivi ndivyo watu wazima wenye shahada wanavyofundishana wizi.

Wala msishushe pumzi mkadhani nimewasahau nyinyi. Kadi ya bima ni amana yenye picha yako. Unamwazima shemeji, unamwazima mtoto wa jirani, unasema ni huruma. Ni huruma kwa mali ya nani? Ni ya mwalimu wa Sumbawanga aliyekatwa mshahara mwezi huu na hajaugua. Na kuna hatari usiyoifikiria: yaliyoandikwa kwenye faili lako ni maradhi ya mwingine, kundi la damu la mwingine, mzio wa dawa wa mwingine. Siku utakapoletwa hujitambui, daktari atasoma faili hilo. Wapo pia wanaosubiri waugue ndipo wajiunge, na wakipona wanaacha. Mfuko wa wagonjwa watupu haudumu, hata ukiendeshwa na watu waadilifu.

Limebaki jambo linaloniumiza zaidi, la bili iliyomshinda mtu. Mgonjwa amepona na haruhusiwi kutoka. Au amefariki na maiti iko mochwari, ndugu wanachangishana kwenye simu. Mahakama Kuu ya Kenya ilihukumu mwaka 2015, katika shauri la kina mama wawili waliozuiwa hospitali ya uzazi, kwamba kumzuia mtu kwa sababu ya bili ni kinyume cha sheria. Kwetu Waislamu Suratul Baqara ilishatuamrisha mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka apate wepesi, na ikatuelekeza kwamba kumsamehe ni bora. Maiti kuizuia ni kuiudhi, na kuharakisha mazishi ni katika Sunna.

Lakini nasema pia: mwenye hospitali akisamehe kila bili, Ijumaa ijayo milango itafungwa. Deni la maskini lazima libebwe na mtu. Ilipoletwa jeneza la mtu mwenye deni, Mtume alijizuia kumswalia, na Abu Qatada akasimama akasema deni hilo liwe juu yake, ndipo akaswaliwa. Abu Qatada hakutoa hotuba juu ya ukatili wa wadai. Alilipa.

Waliotutangulia waliugeuza mwendo huo kuwa taasisi. Sultani Qalawun alijenga hospitali ya Mansuri mjini Kairo mwaka 1284, akaiwekea wakfu wa mali iliyoihudumia, tajiri na maskini wakatibiwa. Hapa kwetu Pwani, mfanyabiashara Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1897, alitoa mali yake ijengwe hospitali Dar es Salaam, na jina lake bado lipo kwenye jengo la wodi pale Muhimbili. Hakuwa daktari. Aliuza bidhaa kwa misafara.

Sisi tunajenga misikiti mitatu katika mtaa mmoja na hatuna wakfu wa kulipa bili ya mama mmoja. Naiomba kamati ya msikiti huu, kabla ya Ramadhani, ifungue mfuko wa wagonjwa wenye hesabu zinazobandikwa ukutani kila mwezi, ikubaliane bei kwa maandishi na zahanati mbili za mtaa huu, na imlipe daktari kwa wakati. Mwenye chumba cha kupangisha akiweke wakfu, kodi yake iingie humo. Madaktari mliomo humu, tujulisheni baada ya sala ni saa ngapi kwa wiki mnaweza kutoa. Na aliyeazimisha kadi yake ya bima, akaichukue leo kabla ya magharibi.