Kabla ya Kurusha Dadu

Kisa hiki ni cha kutunga, ila nimekiweka Mpanda kwa makusudi. Michezo ya hadithi inayochezwa mezani imeandikiwa vitabu vingi huko ughaibuni, na vitabu hivyo humdhania mchezaji kuwa mtu asiyeona taabu kusema "hapana" mbele za watu. Kwetu mgeni hamkatizi mwenyeji. Anayeumia hukaa kimya, hunywa chai yake, hushukuru, halafu harudi tena.

Kijana mmoja alikuwa amerudi nyumbani kutoka chuo Dodoma, na huko alijifunza mchezo wa namna hiyo. Mtu mmoja huwa msimulizi: ndiye anayesema njia inaelekea wapi na nani anabisha hodi. Wengine kila mmoja hubeba mhusika wake na kueleza anachofanya, na penye shaka dadu huamua. Hakuna anayemfunga mwenzake. Raha yake ni kwamba hakuna aliyeko mezani, hata msimulizi mwenyewe, ajuaye hadithi itaishia wapi.

Akaamua kuuleta Makanyagio, hapo Mpanda. Alichora ramani kwa mkono: mto Katuma, mbuga za Chada, Ziwa Katavi na ule mkwaju ambao watu huuwekea sadaka kwa ajili ya Katabi, mzimu wa mwindaji ambaye jina lake limechukuliwa na hifadhi na sasa na mkoa mzima. Kisha akatunga hadithi nzito. Kijiji kinavamiwa usiku, watu wanakimbilia porini wakitafuta njia ya kufika Ziwa Tanganyika, na wapo watakaoachwa. Ilikuwa hadithi nzuri. Nasema hivyo kwa sababu wengi wakisikia mchezo umevunjika, hudhani msimulizi alikuwa mvivu. Huyu alijiandaa kuliko kawaida.

Mwaliko wake ulikuwa mfupi: "Jumapili saa tisa mje pale stationery, kuna mchezo mpya wa hadithi."

Walikuja wanne. Dereva bodaboda alikuja kupigana, kwa kuwa aliambiwa kuna mikuki. Nesi alitoka zamu ya usiku akitaka kucheka kidogo. Mzee mmoja muuza mchele, Mbende wa kuzaliwa, alivutiwa na ramani. Wa nne alikuwa fundi cherehani, binti aliyezaliwa Katumba, ambaye nesi alimbeba tu: "Twende shosti, usikae peke yako."

Nusu saa haikuisha dereva akawa amewarukia wavamizi peke yake. Msimulizi aliona huyu anageuza vita kuwa mzaha, na ili kumfundisha akamuulia mhusika wake kwa dadu moja. Dereva akatoa simu, akawa anaangalia matokeo ya mechi. Baadaye akarudi mezani kwa kusema, kama mtu anayechokoza tu, kwamba wauchome moto ule mkwaju ili wavamizi waone moshi wapotee njia. Msimulizi akacheka, akaruhusu. Mzee wa mchele hakusema kitu. Alivuta kiti nyuma kidogo, na toka hapo kila alipoulizwa anafanya nini, alijibu, "Mimi nafuata wenzangu."

Fundi alikuwa akirusha dadu kila alipoambiwa. Karatasi ya mhusika wake aliikunja mara mbili, akaikunjua, akaikunja tena, akiupitisha ukucha kwenye mkunjo kama anayetafuta pa kukata kitambaa. Msimulizi aliuona ule ukimya akafurahi. Alidhani hadithi imemkamata. Basi akamgeukia yeye kwa swali alilokuwa amelitunza tangu mwanzo.

"Bibi yako hawezi kutembea tena. Wanakuja. Unambeba au unamwacha?"

"Namwacha," fundi akasema. Akaweka dadu mezani, akasema ana nguo ya mteja haijaisha, akaaga vizuri. Jumapili iliyofuata msimulizi alikaa na ramani yake peke yake hadi magharibi.

Msomaji wa Katavi ameshaelewa. Makazi ya Katumba yalifunguliwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na ya Mishamo yakafuata mwaka 1978. Kwa miaka mingi mtu hakutoka makazini bila kibali, na vyeti vya uraia vya watu wengi vilitolewa kuanzia mwaka 2014. Katika nyumba nyingi za huko yupo bibi aliyebebwa, au bibi aliyeachwa. Kijana alizaliwa mji huohuo, anayajua yote haya. Hakuyakumbuka alipokuwa anatunga, na hakumuuliza aliyekuwa anakuja kukaa naye.

Ajabu ni kwamba sisi tunajua kuulizana. Watu wawili wasiofahamiana wakikutana kwenye drafti ya visoda chini ya mwembe, kwanza wanaelewana: kula ni lazima au hiari? Kwenye bao ni zaidi. Anayecheza bao la kiswahili huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Anayecheza la kujifunza humwaga zake zote 32, mbilimbili kila shimo. Wasipoulizana, mchezo hauanzi kabisa, na kosa linaonekana kwa macho. Kwenye mchezo wa hadithi kila mtu amekuja na mchezo wake kichwani, na hakuna shimo la kuuonyesha. Unaanza vizuri tu, unavunjika katikati, juu ya moyo wa mtu.

Tofauti hii ya matarajio ilikuwepo tangu michezo hii inazaliwa. Mwaka 1969, Minnesota, Marekani, David Wesely aliwaandalia wenzake mchezo wa vita katika mji wa kubuni aliouita Braunstein, kila mmoja akapewa nafasi yake mjini. Wachezaji wakaacha vita, wakaanza kupatana na kugombana wenyewe kwa wenyewe, hata wahusika wao kupigana ana kwa ana. Wesely aliona ameshindwa. Wenzake wakamwomba aandae mwingine. Mmoja wao, Dave Arneson, aliiendeleza namna hiyo ya kucheza, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons. Wesely alibahatika, maana wachezaji wake walimwambia walichopenda. Wa Makanyagio hawakumwambia kijana wetu chochote.

Ndiyo maana mzigo wa kuuliza naona ni wa msimulizi. Aseme mapema hadithi ni ya huzuni au ya vichekesho, kama mhusika anaweza kufa, na mchezo utachukua saa ngapi. Aulize ni mambo gani yasiingie kabisa, na yapi yaingie lakini yapitwe haraka bila kuelezwa. Mwaka 2013 Mmarekani John Stavropoulos alieneza njia nyepesi: kadi yenye alama ya X katikati ya meza, ukiigusa, kinachosimuliwa kinaachwa, na hudaiwi sababu. Ni njia nzuri, lakini mezani kwetu naogopa haitoshi, kwa kuwa kuigusa kadi mbele ya mzee na mwenyeji nako ni kumkatiza. Bora kumfuata mtu mmoja mmoja kabla ya siku, au kugawa vikaratasi visivyo na jina vitumbukizwe kwenye kikombe. Mchezaji naye ana wajibu wake. Dereva aliyekuja kwa ajili ya mapigano alipaswa kulisema hilo mapema, si kuliingiza kwa nguvu kwenye hadithi ya wenzake.

Huko Makanyagio, nesi ndiye aliyemweleza kijana kilichomuumiza fundi. Kijana akaenda kwa fundi, akamkuta anapiga lapa la suruali.

"Dada, nimekuja kuomba radhi."

"Hukujua, kaka."

"Sikuuliza."

Fundi akazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono mpaka mshono ukaisha. Akasema hadithi aliipenda mwanzoni, pale kwenye ramani. Angekuja tena kama safari ingekuwa ya wafanyabiashara wa asali kutoka Inyonga, na wazee wote wakabaki nyumbani salama. Mzee wa mchele, alipofuatwa, alitaka mkwaju usiguswe, na akajitolea kueleza mtu anaukaribia vipi. Nesi alitaka angalau kicheko kimoja. Dereva aliomba fisi wa kupigana nao, na mhusika wake akifa, afe kwa uzembe wake mwenyewe. Msimulizi akaomba kitu kimoja tu kwa wote: simu ziwekwe kwenye droo mpaka saa kumi na mbili. Dereva akabisha kwamba wateja humpigia. Wakajadiliana, wakamruhusu apokee akiwa nje, na mhusika wake kwa muda huo akalinde mizinga.