Taa ya Mbele

Kusini-magharibi mwa London iko Richmond Park, bustani ya karibu ekari 2,500 ambayo Mfalme Charles I aliizungushia ukuta mwaka 1637 apate pa kuwinda. Giza likiingia, milango ya magari hufungwa. Ya waenda kwa miguu na baiskeli hubaki wazi. Barabara za ndani hazina taa.

Ukishuka mteremko usiku, taa yako ndiyo dunia yako yote: kipande cha lami, ukingo wa nyasi, basi. Mara macho mawili yanawaka. Kulungu! Wako zaidi ya 600 humo, na dume mwenye pembe za matawi hajui kengele ya baiskeli ni kitu gani. (Wala usijaribu kumpigia.) Unabana breki, unangoja apite na jamaa zake, taratibu, kama wenye shamba.

Novemba na Februari hata baiskeli huzuiwa usiku, maana ndipo kulungu hupunguzwa kwa bunduki.

Nawe utakayerudi na baiskeli jioni ya leo, tafadhali, ikague taa ya mbele kabla ya magharibi.